Kuitafuta Sifuri

Darasa la nne, mwalimu wa hesabu alinichorea yai
kwa wino mwekundu, akalizungushia mara mbili
ili na mama alione.
Leo, miaka arobaini baadaye, Upper Hill,
ghorofa tatu chini ya ardhi,
wenye suti wanamlipa mtu
awatafutie yai lile lile.

Jina lake Nyamoita. Alikuja na daftari, tochi,
na viatu visivyoogopa grisi.
Wengine hushuka huku wakiziba pua.
Yeye aliligusa jenereta kama mtu apimaye homa,
akaniuliza: "Barasa, huyu hunywa kiasi gani?"
Nikamwambia: umeme ukipotea saa moja,
hunywa kuliko harusi.
Akacheka. Akaandika. Kisha akaacha kucheka.

Tukapanda. Kwa ngazi; ni yeye aliyetaka.
Upande wa magharibi jengo ni kioo kitupu.
Jua la alasiri huingia bila hodi,
hukaa kwenye meza za watu,
halafu tunawasha viyoyozi kulifukuza.
Nairobi hii! Mji ambao Julai
bawabu huvaa makoti mawili.
"Mmejenga tanuri," alisema,
"mkanunua friji mkaiweke ndani."

Nani alaumiwe? Mwenye jengo alinunua kioo,
mpangaji hulipia ubaridi.
Wa kwanza haioni bili,
wa pili haruhusiwi kugusa dirisha.
Katikati yao kuna mkataba wa kurasa sitini
na hakuna ukurasa unaotaja hewa.

Kikaoni nilibeba projekta, nikasahauliwa pembeni.
Bwana Virdee akasema: basi tubomoe,
tujenge jipya, la kijani, la kupigwa picha.
Kimya. Kisha Nyamoita, polepole:
"Saruji hii ilishachomwa. Chuma hiki kilishayeyushwa.
Moshi wake ulishapanda, haurudi.
Ukibomoa, unakopa deni la pili
kabla hujafaidi la kwanza."
Nikamwona mzee anaitazama nguzo
kama mtu aliyegundua ana mtoto wa kulea.

Haikuwa kazi ya siku moja. Bajeti ilikatwa mara mbili.
Benki ya ghorofa ya tano ilikataa, ikakubali,
kisha ikataka nembo yake kwenye paneli za jua.
Mikataba ikaandikwa upya: bili ikishuka,
mwenye jengo na mpangaji wagawane nafuu.
Vivuli vya chuma vikapachikwa magharibi kama kope.
Ndipo fundi Mumbua akaja na bisibisi
akayafungua madirisha yaliyofungwa tangu uzinduzi.
Ghorofa ya tisa, Oktoba,
ua la jakaranda likaingia, likatua juu ya ankara,
na mhasibu hakujua aliandike safu gani.

Sasa umeme ukikatika, betri hupokea
kabla taa haijapepesa.
Jenereta nimelivika turubai.
Nalipangusa kila Ijumaa, mazoea tu.
Umeme wa nyaya, kwa sehemu kubwa, ni mvuke na maji;
moshi wa nyumba hii tulikuwa mimi na wewe,
naliambia. Halinijibu.
Mshahara wangu haujabadilika, cheo ndicho kimebadilika:
msimamizi wa betri. Mke wangu anasema
sasa narudi nyumbani nikinuka sabuni.

Hatujafika. Ripoti inasema bado kumi na moja kwa mia:
gesi ya mkahawa, safari za wakurugenzi,
na kitu kimoja ambacho hakuna anayekielewa.
Nilimtania Nyamoita: mimi sifuri niliipata bure
nikiwa na miaka kumi.
"Hukuipata," akasema. "Ulipewa. Hayo ni mambo mawili."

Jana giza lilishuka mtaa mzima.
Majengo jirani yakaanza kukohoa, moja baada ya jingine.
Letu likanyamaza.
Nikasikia, mara ya kwanza katika miaka kumi na minane,
tone la maji likidondoka kwenye bomba nyuma ya ukuta.

Linavuja.
Nikachukua spana.